Chikichi za Kijani Zimekwama Mpakani

Benchi letu liko Rwekubo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mbele ya duka la Afande Rwakabuba, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Makenke anayetuuzia kahawa na kutukatisha maneno. Asubuhi ile ya mwaka 2012 hata mpira hatukuuzungumzia. Anselme alikuwa ameshika simu kama yai. Dada yake Apolline alikuwa amezuiwa mpakani na kikapu cha chikichi kutoka Fizi, Kongo, zile tunazoziita ngazi, za mti wa marehemu baba yao. Mti ule ulizaa chikichi za kijani hadi karibu na kuiva, na katika kijiji kizima hapakuwa na wa pili. Sasa umekatwa. Huo ulikuwa mkungu wake wa mwisho, na Anselme alitaka kuuotesha Nakivale. Nilimhurumia, lakini nilitaka pia kujua sheria inasemaje, maana mimi sheria ninayoijua ni ya foleni ya maharage.

—Banamuomba karatasi ya afya ya mimea ya kule anatoka, Anselme alisema, na ruhusa ya huku anaingia. Bila hiyo, mbegu haivuki.

—Sisi tulivuka bila karatasi, nikasema.

—Nyinyi hapana mbegu, Afande akajibu. Mbegu iko na wadudu ndani.

—Na sisi tulikuja na chawa, alisema Duani, ambaye jina hilo, yaani forodha kwa Kifaransa, alilipata kwa kuikwepa na vitenge vyake. Hiyo mbegu iombe ukimbizi. Mti yake banakata, ndugu hana. Bamupe hema.

—Na kadi ya chakula, nikaongeza.

—Mgeni njoo, mwenyeji apone, Afande akakubali.

Anselme hakucheka. Duani akamsogelea.

—Sikia, ndugu. Ile sheria ni ya mbegu. Ngazi ya kuchemusha ni chakula, ya kutwanga mawese. Mwambie dada atafute mama mwenye sufuria pale mpakani.

—Haitaharibika?

—Ngazi inapenda moto. Papa yangu alikuwa anachomea majani juu yake, njo inaamuka na kuota. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Anselme akapiga simu. Tukanywa, tukasubiri. Birika lilikuwa linakaribia kuisha Apolline alipopiga.

—Zimepita! Anselme alisema. Afisa ameonja moja, anasema tamu.

Tulipongezana kwa kupigana mabegani. Duani akajiita mwanasheria.

Mukeshimana, mama aliyehamia juzi kutoka Ngarama, alikuwa amekuja kununua sukari, akayasikia yote amesimama.

—Samahani, baba zangu. Mbegu ikishachemka, inaota?

Afande akachungulia birika. Mimi nilitazama viatu vyangu, na niliona aibu. Anselme alipiga tena, simu ikiwa kwenye spika.

—Apolline, umechemusha zote?

—Zote, kaka. Na sufuria nilifunika muzuri.