Alama ya Kidole Kwenye Hela ya Mzee Chidawali

Mzee Zablon Chidawali alizaliwa Hombolo, Dodoma, tarehe 3 Mei 1936. Alisoma hukohuko na kumaliza shule ya kati mwaka 1952. Mjane wake, Mama Ruthu, ameagiza yanayofuata yaandikwe yote, hata yanayomhusu yeye, na watoto wametii.

Mwaka 1955 aliajiriwa karani wa masjala serikalini, kazi aliyoifanya hadi wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1993. Alipenda mafaili, ila zaidi alipenda sarafu kuukuu za shaba, zile za tundu na hela za Mjerumani.

Tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa na Ruthu. Waliishi vizuri mpaka mwaka 1987, Evarista, mpiga chapa wa ofisini, alipompa marehemu hela ya mwaka 1909, bado nyekundu, inang'aa. Marehemu aliishika ukingoni tu, kwa vidole viwili, huku anatabasamu. Mama Ruthu alikuwa amemsongea ugali miaka ishirini na sita na hajawahi kushikwa hivyo. Roho ilimuuma, na haoni haya kusema.

Siku moja marehemu akiwa kazini, Mama Ruthu alikuwa anatia nyama chumvi. Wivu ukampanda. Akaitoa hela kisandukuni, akaibana kiganjani kwa kidole gumba, na jasho na chumvi yake, akaenda nayo hadi chooni aitupe. Mlangoni moyo ukasita, akairudisha bila kuifuta.

Mvua za mwaka huo zilipokwisha, hela ilikuwa na mabaka: huku nyekundu, huku nyeusi, katikati alama ya kidole gumba. Marehemu akaanza kutafuta chanzo. Alilaumu unyevu. Akalaumu gazeti alilofungia. Akalaumu vifuko vya plastiki alivyonunua soko la Majengo bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, maana kweli vilizifanya sarafu mbili ziote ukijani wa kunata. Kila mgeni aliambiwa shaba haipatani na jasho, chumvi wala maji, na kwamba kuisugua kwa majivu au ndimu ni kuimaliza kabisa. Mama Ruthu alikuwa pembeni, anamenya karanga.

Februari 1995 figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Wodini aliomba aletewe kisanduku.

“Mama Jenifa, lete mkono,” alisema, akakiweka kidole gumba cha mkewe juu ya ile alama. “Huu mstari ni kovu la mundu uliokukata mwaka sabini na nne. Ulidhani silijui?”

“Baba Jenifa! Umejua tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Sasa ya nini kuhangaika na magazeti na plastiki?”

“Nilikuwa nangoja useme.”

“Na huyo Evarista wako?”

“Aliniambia niisugue kwa ndimu alama itoke. Nikakataa.”

Mama Ruthu alilia, akacheka, kisha akauliza Evarista aliiona lini.

Marehemu alifariki tarehe 9 Aprili 1995, saa nane mchana. Ameacha mjane, watoto watatu, Jenifa, Kefa na Anjelina, na wajukuu saba. Bi Evarista amefika na shada kubwa kuliko yote, limeonekana. Hela ya mwaka 1909 iko kiganjani mwa mjane, ameibana tangu asubuhi, na leo pia haifuti.

Lala salama, Baba Jenifa.