Bahari ya Sentimita Sitini: Maisha ya Fundi wa Vioo Aliyeitwa Milimita

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, saa tatu kasorobo asubuhi, nyumbani kwa wazazi wetu walikuwamo watu saba: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto wanne. Ilipotimu saa tatu na dakika kumi walikuwa wanane. Huyo wa nane ndiye tunayemsindikiza leo. Alikuwa kitinda mimba. Bibi, aliyempokea kwa mikono yake, alitoka chumbani akatangaza kwamba mtoto ni wa kiume, ni mzima, na ana sauti ya kunadi mnadani. Kuhusu sauti bibi alikosea, kwa maana marehemu alikuja kuwa mtu wa maneno machache.

Marehemu alianza shule ya msingi mwezi Januari 1960 na kumaliza darasa la nane mwaka 1967. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu aliwaamuru wanafunzi wachore mstari wa inchi sita. Wote walipeleka kazi zao. Marehemu alipeleka karatasi tupu.

"Mstari uko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Rula yangu imelika mwanzoni, mwalimu. Sijui inchi ya kwanza inaanzia wapi."

Mwalimu alimchapa viboko viwili kwa kuchelewesha kazi, kisha akamwazima rula yake mwenyewe. Kutoka hapo marehemu alijiunga na shule ya ufundi, 1968 hadi 1970, akafaulu somo la uchoraji wa ramani za majengo kwa daraja la kwanza.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika karakana ya vioo akiwa mwanagenzi, na hapo hapo alistaafu tarehe 30 Juni 2013 akiwa msimamizi wa meza ya kukatia. Utumishi wake ulikuwa wa miaka arobaini na miwili na karibu miezi sita. Wenzake walimpa jina la Milimita mwaka wake wa tatu kazini, pale aliporudisha karakanani dirisha zima la darasa kwa sababu lilipungua milimita mbili.

"Fundi, milimita mbili nani ataziona?" mwashi alimuuliza.

"Upepo," alijibu, akapakia kioo garini.

Alipokata kioo hakutazama kalamu ya almasi. Aliinamisha kichwa akaisikiliza. Alisema mkato mzuri una sauti ya hariri ikichanwa, na mkato mbaya una sauti ya mchanga. Vijana aliowafunza, ambao baadhi yao wamebeba jeneza hili, wanaujua mlio huo.

Mwaka 1978 aliitwa kubadilisha kioo kirefu katika chumba cha mshonaji wa nguo za kike. Wiki moja baadaye aliitwa tena.

"Fundi, kioo chako kinanenepesha wateja wangu," mshonaji alilalamika. "Leo wawili wameondoka wamenuna."

"Kioo hakinenepeshi, dada. Ukuta wako umepinda, ukakipinda na kioo."

"Basi nyoosha ukuta."

Aliunyoosha ukuta, kazi isiyokuwa yake, kwa siku tatu. Siku ya nne alirudi kuhakikisha. Siku ya tano hakuwa na sababu ya kurudi, lakini alirudi. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1979, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni karani wa posta, na mwana, ambaye ni fundi umeme. Kwa miaka arobaini na mitatu na ushei nyumba yao ilikuwa na watu wawili waliopima kila kitu, mmoja kwa rula na mwingine kwa utepe, na kila mmoja alidai kipimo chake ndicho sahihi.

Mwaka 2009 marehemu alitumwa katika zahanati ya meno kuziba ufa wa tangi la samaki lililokuwa kwenye chumba cha kungojea. Tangi lile lilijaa ngome za plastiki, masanduku ya hazina, majani ya bandia na kokoto za rangi sita. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Samaki wale wanaishi kama wamehifadhiwa stoo. Hawana hata pa kugeukia." Hakulizungumzia tena jambo hilo kwa miaka kumi na mitatu.

Mwezi Novemba 2021 aliishiwa pumzi akipanda ngazi, na vipimo vikaonyesha kwamba misuli ya moyo imelegea. Daktari alimpa vidonge vya aina nne na kumkataza kubeba kitu chochote kinachozidi kilo tano. Alitii. Kisha, siku ya Jumatatu, tarehe 9 Januari 2023, alifungua daftari la karatasi za miraba na kuanza kuchora chombo ambacho, kikijaa, kingefikisha kilo mia tatu.

Alikusudia kujenga mchemraba wa kioo wa sentimita sitini kila upande, usio na fremu wala kifuniko, wenye maji ya chumvi na matumbawe hai. Ndani yake pangekuwa na jiwe moja, matumbawe ya aina mbili na samaki wawili. Alichora michoro kumi na mmoja, na kila uliofuata ulikuwa na vitu vichache kuliko uliotangulia. Mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka sita alimletea meli ya plastiki kwa ajili ya tangi hilo.

"Sasa babu, samaki watacheza na nini?"

"Na nafasi, mjukuu wangu."

"Nafasi si kitu!"

"Kamuulize samaki wa daktari wa meno."

Mkewe aliruhusu ujenzi kwa masharti. "Nakubali, mzee. Lakini nikikaa sebuleni kwangu nisione bomba, nisione waya, nisisikie mngurumo."

"Andika."

"Niandike nini tena?"

"Hayo matatu. Utie sahihi."

Aliandika juu ya karatasi ya kukatia mitindo ya nguo, na marehemu akaibandika ukutani juu ya meza yake. Masharti hayo aliyatimiza yote. Katika pembe ya nyuma alitenga mraba mdogo kwa kioo cheusi, na humo maji yalishuka hadi tangi la pili lililofichwa ndani ya kabati. Mwanawe aliketisha pampu humo juu ya sifongo ili isitikise mbao. Ilipogunduliwa kwamba sakafu ya sebule imeshuka milimita nne upande wa dirisha, seremala alichonga kitako cha kabati kifuate mshuko huo, na marehemu hakuruhusu kabati lisogezwe hata upana wa kucha.

Kingo za vioo alizisugua mwenyewe, akiwa ameketi kigodani, saa mbili kwa siku kwa muda wa siku tisa. Tarehe 13 Mei wanagenzi wake wa zamani waliunganisha vioo kwa gundi mbele ya macho yake. Gundi iliachwa ikauke siku saba. Tangi likajazwa maji baridi barazani na kutazamwa siku kumi na nne, ingawa halikuvuja hata tone tangu siku ya kwanza. Jumatatu, tarehe 12 Juni, lilitiwa maji ya chumvi sebuleni, pamoja na jiwe moja lililotolewa katika tangi la mfugaji mwingine likiwa bado na uhai wake.

Ikabaki kungoja. Maji mapya ya namna hiyo huzalisha sumu mbili, moja baada ya nyingine, mpaka vijidudu vyema viongezeke ndani ya jiwe na kuzila. Marehemu aliweka siku arobaini na mbili, na katika siku hizo asiingizwe samaki wala matumbawe.

Hapa msomaji wa wasifu huu, ambaye ni kaka yake mkubwa na mpima ardhi mstaafu, ana wajibu wa kueleza kosa. Jumanne, tarehe 27 Juni, daktari alimwita yeye na binti wa marehemu kwenye ukumbi wa kliniki, akawaambia kwamba wahesabu miezi, na wasihesabu mingi. Wawili hao waliogopa kwamba marehemu angefariki akiwa ametazama jiwe tupu. Ijumaa, tarehe 30, siku ya kumi na tisa, marehemu alipokuwa kliniki, kaka yake alipima joto la maji akapata digrii ishirini na tano. Akapima chumvi akapata gramu thelathini na tano kwa lita. Aliporidhika na tarakimu hizo, aliingiza samaki wawili wa rangi ya chungwa.

Marehemu aliporudi aliwakuta. Aliwatazama hadi jua lilipotua. Jumapili asubuhi mmoja wao alikuwa amekufa, na wa pili akitweta juu juu ya maji.

"Nani kawaleta?"

"Mimi," kaka alijibu.

"Ulipima?"

"Nilipima joto, nikapima chumvi. Vyote sawasawa."

"Na sumu?"

"Sumu sikuipima."

"Kaka, umepima kiwanja chote, ukasahau shimo la katikati."

Akacheka mpaka akakohoa, na waliokuwapo wakacheka kwa kuwa aliwapa ruhusa. Kisha akauliza, "Mlikuwa mnawahi nini?"

Binti yake alianza kulia.

"Daktari kasema lini?"

"Jumanne, baba."

"Kasema mingapi?"

"Hakutaja. Kasema si mingi."

Marehemu aliagiza samaki aliyesalia arudishwe dukani siku hiyo hiyo, na maji lita arobaini yabadilishwe. Alipokuwa ameketi tena alisema, "Haya. Kesho ni siku ya kwanza."

"Baba, ukianza kuhesabu upya huenda..."

"Hesabu naijua, mwanangu. Arobaini na mbili ni arobaini na mbili. Maji hayajui kama mimi ni mgonjwa."

Kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Julai, alimfundisha mkewe kazi zote: kuchanganya chumvi, kubadilisha lita ishirini kila wiki, kusafisha kioo kwa kitambaa kisicho na sabuni, na kusoma vipimo vya sumu, ambavyo huonyeshwa kwa rangi ndani ya kichupa. Katika jambo la rangi mwanafunzi alimshinda mwalimu.

"Hii ni waridi," marehemu alisema.

"Waridi wapi, mzee? Hii ni zambarau iliyofuliwa mara mbili. Nimeshika nyuzi miaka hamsini, usinifundishe rangi."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyesoma, na marehemu ndiye aliyeandika. Jiwe lilipogeuka kahawia na kuota utelezi, majirani walidhani limeoza, na kaka yake alishauri lipigwe brashi. Marehemu alimwomba kaka yake akae chini.

Siku ya ishirini na tatu, tarehe 25 Julai, mkewe alimwita aje upesi, kadiri ya upesi alioruhusiwa. Katika ufa wa jiwe alikuwa ametokeza mnyoo mdogo mno wa mrija, mwenye taji kama unyoya, akilifungua na kulifunga. Marehemu alivuta kiti. Mkewe anasimulia kwamba alikaa pale tangu saa nne hadi chakula cha mchana kikapoa, akasema jambo moja tu: "Huyu hakuletwa na mtu."

Jumapili, tarehe 30 Julai, siku ya ishirini na nane, alilazwa hospitalini, miguu ikiwa imevimba na pumzi fupi. Kila siku mkewe alipima maji kabla ya kwenda kumwona. Jumanne jioni alimpa taarifa kama kawaida.

"Ya kwanza?" marehemu aliuliza.

"Njano kabisa. Imekwisha."

"Ya pili?"

"Zambarau."

"Basi bado," alisema, akafumba macho apumzike.

Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 2 Agosti 2023, saa mbili na robo asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa ametimiza miaka sabini, miezi minne na siku kumi na tisa. Ilikuwa siku ya thelathini na moja.

Jana mwenye duka la samaki alifika msibani kutoa pole, akajitolea kwa moyo mwema kuleta samaki wawili leo hii, ili waombolezaji watakaorudi nyumbani wakaone kazi ya marehemu ikiwa imekamilika. Kaka yake alimtazama shemeji yake. Mjane alimshukuru mwenye duka, akasema, "Zimebaki siku, kaka. Zikitimia nitakupigia simu."

Leo ni Jumamosi, tarehe 5 Agosti, siku ya thelathini na nne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa tayari amevaa nguo za msiba, mjane alipima. Sumu ya kwanza haipo. Ya pili ipo, imepungua. Watakaofika nyumbani wataona maji, jiwe moja, na wakisogea karibu sana, mnyoo mmoja. Wanaombwa wasiguse kioo.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pa utulivu.

Waliobaki ni mjane mmoja, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wanne, dada mmoja na kaka mmoja. Jumla yao ni tisa. Siku zilizobaki ni nane.