Pole ya Willis Shikanga

Mulembe, wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, jikoni, shambani ama dukani. Wekeni vyombo chini kidogo. Leo tunamkumbuka Willis Shikanga wa Buyangu, mtembeza wageni. Amezikwa Jumamosi. Aliachishwa kazi kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe ni pole. Narudia, kwa yule aliyefungulia sasa hivi: mtu mzima alifutwa kazi kwa kusema pole.

Willis alizaliwa Ekero, katikati ya miwa. Aliikata mpaka kazi ya miwa ikakauka, na nyinyi mnajua ilivyokauka. Hiyo sitaisimulia leo. Nimeisimulia mpaka koo limechoka. Akamwoa Teresa, binti wa Buyangu, akahamia kwao. Watu wakamcheka: "Mwanaume ameolewa!" Akacheka nao, kisha akaingia msituni kujifunza njia.

Kambi moja ya likizo ilipofunguliwa kando ya msitu, Willis alikuwa wa kwanza kuchukuliwa. Likizo za pale si za kulala. Wageni wanatembea msituni, halafu wanapanda Mlima Elgon na mahema mgongoni, halafu wanashuka mpaka ufuo wa ziwa, upande wa Busia, kupiga kasia kwenye mitumbwi midogo ya plastiki. Teresa hakuelewa hata kidogo.

"Baba Winrose, hawa watu wanalipa ndio wachoke?"

"Wacha wachoke, mama. Mimi nilichoka bure kwa miwa."

Wakaishi hivyo, Willis akirudi na matope mpaka magotini na hadithi za kuwachekesha majirani. Kisha ikaja ile safari ya Elgon.

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Mgeni mmoja, mama wa makamo, mcheshi, akateleza kwenye jiwe akavunjika mguu. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna kamba iliyokatika. Ni jiwe na maji tu. Willis akapiga magoti kwenye matope, akamshika mkono, akasema kile ambacho mimi na wewe tungesema: "Pole, mama. Sori. Sori sana." Wakambeba kwa zamu, yeye na wenzake, mpaka barabarani. Njia nzima alikuwa anasema sori, sori.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwao yule mama, sori ni ya mwenye kosa. Kwetu pole ni ya aliyejikwaa, aliyefiwa, mwenye mafua, aliyetoka kazini, hata aliyebeba maji. Hukumfanya kitu. Unamwambia tu kwamba umemwona. Watu wa bima wa yule mama wakauliza kama kuna aliyeomba msamaha. Mama akajibu kwa ukweli wake wote: ndiyo, yule mtembezaji, tena mara nyingi. Kwa watu wa bima, hiyo ni kukiri kosa.

Willis akaitwa ofisini. Ndani alikuwa mwenye kambi, mtu wa ng'ambo, na meneja wake, Chrispinus Wandera, mtoto wa hapo Matete. Teresa alikuwa amemsindikiza mumewe. Akasimama nje chini ya dirisha, akasikia kila kitu.

"Ulisema sori ama hukusema?" Chrispinus akauliza.

"Nilisema."

"Kwa nini uombe msamaha kama hukukosa?"

"Wewe Chrispinus, mama yako alikulea kwa lugha gani?"

"Jibu swali, mzee."

"Nilimwambia pole! Mtu amevunjika mguu, nimwambie hongera?"

Mwenye kambi akamgeukia meneja, akauliza mzee anasema nini. Na Chrispinus, aliyeambiwa pole tangu akitambaa, akajibu kwa Kiingereza kwamba mzee anakubali. Basi. Hakuongeza neno. Narudia, maana mimi jambo kama hili silisahau: alijua, na hakuongeza neno.

Kambi nyingine hazikumtaka. Zilisema ni yule aliyekiri. Willis hakudai fidia. Alitaka kitu kimoja: Chrispinus asimame mbele ya watu aseme kwamba ile ilikuwa pole, haikuwa kukiri kosa, ili yeye arudi mlimani na jina lake. Alikwenda getini mpaka askari akachoka kumrudisha. Sokoni vijana wakamwita Mzee Sori.

Lakini kilichomuumiza Teresa hakikuwa hicho. Willis aliacha kusema pole. Aliacha kabisa. Jirani alifiwa na ng'ombe, Willis akamshika mkono kimya. Kwenye matanga akawa mtu wa kukaa nyuma, na watu wakasema ana kiburi. Siku moja Teresa alijikata kidole cha mguu kwa jembe. Mume akaleta kitambaa, akamfunga taratibu, asiseme lolote.

"Sema basi!" Teresa akamfokea. "Hata kuku akikanyagwa anaambiwanga pole!"

"Mama, lile neno lilinimaliza."

Binti yao Winrose ametuambia hivi: "Nilipoanguka mtihani, baba aliniletea muwa, akaumenya wote, akanikatia vipande. Nikajua hiyo ndiyo pole yake."

Miaka ikapita hivyo. Mwaka huu kifua kikambana. Mchana mmoja Teresa alikuwa anamnywesha uji, bakuli likainama, uji ukamchoma Teresa mkono. Willis akasema, "Pole, Mama Winrose." Kisha akageuza macho mlangoni, kama mtu anayetaka kujua nani amesikia. Teresa anasema hapo ndipo alipolia. Wiki hiyohiyo mzee akafariki, na kwenye maziko Teresa hakuwa tena na machozi.

Jumamosi Chrispinus alikuja na gari la kambi na maua. Ameota mvi siku hizi. Akapewa maiki.

"Mama Teresa na familia, kwa niaba ya kambi, poleni. Poleni sana."

Teresa akasimama. Mama mmoja akamvuta kitenge akae, Teresa akauondoa ule mkono.

"Chrispinus, mwanangu. Hiyo pole yako, unakiri kwamba ulimuua, ama ni ya namna gani?"

Chrispinus akashusha maiki. Ilisikika jenereta peke yake.

"Hapana, mama! Mimi... ni pole tu."

"Sema kwa maiki. Wa huko nyuma hawajasikia."

"Ni pole tu, mama. Mtu akipatwa na shida tunamwambianga pole. Si ati umemkosea."

"Asante," Teresa akasema. "Hiyo ndiyo alikuwa anangoja." Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji akafungua Biblia, akatafuta mahali pake, akapakosa.

Wasikilizaji wapendwa, maneno yale yalihitaji pumzi moja tu. Yangesemwa ofisini siku ile, Willis akisikia. Kambi ingali pale. Wageni wa Agosti wanakuja, na vijana wetu watawapandisha mlima, na mvua itanyesha. Wewe unayekaa katikati ya mgeni na mtu wa kwenu, ukimfasiria, mfasirie mpaka mwisho. Kaa na hilo leo.

Kwa Mama Teresa, kwa Winrose, kwa watembeza wageni wote wa Buyangu: poleni sana. Tumeisema hewani, na hatuiondoi.