Mama Ibara, Mwalimu wa Uraia Aliyechagua Sauti Yake

Poleni kwa msiba, ndugu, majirani, walimu na wanafunzi. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu kwa sababu mimi, mdogo wake, ndiye niliyebishana naye kuliko wote. Pia tangu jana kuna maneno yanazunguka hapa msibani kwamba shemeji yangu alimnyima mkewe matibabu. Nayo nitayafikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1960, mtoto wa pili wa karani wa posta na mshona nguo. Tangu utotoni hakukubali amri isiyo na mwenyewe. Ukimwambia akaoshe vyombo, aliuliza, “Nani kasema?” Ukijibu ni mama, alikwenda. Ukijibu ni wewe, uliosha mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1979. Huko alivuliwa ukiranja kwa kudai kwamba viranja wachaguliwe badala ya kuteuliwa. Alirudi likizo bila cheo, amejaa furaha hadi baba akaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1983 alihitimu chuo cha ualimu.

Kuanzia mwaka huo hadi alipostaafu mwaka 2020 alifundisha somo la uraia. Wanafunzi walimwita Mama Ibara, maana ukimpelekea dai lolote, alikuuliza limo katika ibara ya ngapi. Hakuruhusu mtu aandike maana ya neno kabla hajalionja. Darasa lake lilikuwa na bunge, baraza la mawaziri na mahakama, kila mhimili na safu yake ya madawati. Mwaka mmoja bunge lilipitisha sheria kwamba anayechelewa afagie darasa. Haikupita wiki, akachelewa yeye. Mahakama ikakaa chini ya hakimu mmoja, binti mfupi, ikamtia hatiani. Mwalimu mkuu akapita, akamkuta ameinama na ufagio.

“Mwalimu, ndiyo nini hii?”

“Utawala wa sheria, mkuu. Sogea kidogo, hapo sijafagia.”

Alipomaliza, ndipo akaandika neno hilo ubaoni. Yule hakimu leo ni wakili. Amekaa pale mstari wa tatu, na bado ni mfupi.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya ofisi ya walimu. Taa ile iliharibika mara nyingi mno mwaka ule, na sisi wanafamilia tuna maoni yetu kuhusu aliyekuwa akiiharibu. Mungu aliwajalia watoto watatu. Shemeji si mtu wa maneno mengi. Dada aliongea kwa niaba ya wote wawili, na chenji ikabaki.

Februari mwaka jana sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la chaki la miaka yote ile. Daktari akatuambia ni saratani ya koo. Upasuaji ungempa nafasi kubwa zaidi ya kuishi, lakini angepoteza sauti yake moja kwa moja. Tukakusanyika sebuleni kwake. Nami, nikijiona mjanja, nikasema tupige kura. Katika nyumba ile, jamani! Watoto wake watatu, shangazi yetu na mimi tukanyoosha mikono kuunga mkono upasuaji. Shemeji hakunyoosha.

Nikamgeukia. “Shemeji, unataka afe?”

“Nataka aulizwe,” akasema.

Dada alitusikiliza hadi mwisho, kama alivyowasikiliza wabunge wake. “Mmehesabu vizuri,” akasema. “Ila wingi wenu unaishia kwenye ngozi yangu. Kuna haki ambazo kura haizigusi. Ndiyo maana katiba inaziandika mapema, kabla mtu hajaja na wenzake wengi. Dawa nitakunywa, mionzi nitakwenda. Kisu, hapana.”

“Lakini ungeishi, dada.”

“Pengine. Ila sitaki maisha marefu ya kunyamaza, mdogo wangu.”

Alipata zaidi ya mwaka mmoja. Aliendelea na darasa lake la jioni la watu wazima katika ukumbi wa maktaba. Sauti ilipobaki mnong’ono, shemeji alikaa karibu naye akirudia kila sentensi ili hadi walio nyuma wasikie. Mtu asiyeongea, akawa anatangaza “mgawanyo wa madaraka” na “ukomo wa uongozi” mbele ya watu. Marehemu alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 6 Mei mwaka huu, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mumewe.

Kura ile ikirudiwa leo, nitanyoosha mkono vilevile. Nilimtaka dada yangu hata akiwa kimya, na uchungu huo haujanitoka. Lakini uamuzi haukuwa wangu, wala haukuwa wa shemeji. Ulikuwa wa dada. Mwenye neno juu ya hilo aje aniambie mimi, amwache mfiwa alie.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, shangazi, mdogo wake huyu, na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu. Nimemtaja mume kwanza kwa makusudi. Sote tulimpenda dada. Yeye peke yake ndiye aliyemuuliza.

Pumzika salama, dada yangu.