Maryanne Kahaso Garama, Binti wa Nyumba za Makarani (1958–2025)

Marehemu Maryanne Kahaso Garama, ambaye tumekusanyika hapa Mwabungo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 huko Kaloleni. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Mzee Harrison Garama na marehemu Mama Kache. Wa pili hakuishi. Kwa hiyo Kahaso alikua na kaka mmoja tu, Onesmus, aliyemtangulia kwa miaka saba na ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na anayeusoma. Wasifu utakaa kwa muda mrefu zaidi katika miaka ya utoto na usichana wa marehemu kuliko ilivyo desturi. Sababu ni kwamba katika miaka hiyo kuna kosa ambalo Kahaso alilibeba kwa niaba ya mtu mwingine, akalibeba kwa karibu miaka hamsini na mitatu, na si haki azikwe nalo.

Mwaka wa 1962 baba yake alihamishiwa Kwale kuwa karani katika ofisi za serikali, na familia ikapewa nyumba namba sita katika safu iliyoitwa Nyumba za Makarani. Zilikuwa nyumba nane za mawe, nne zikitazamana na nne, na katikati palikuwa na bomba moja la maji lililotumiwa na wote. Nyuma ya nyumba hizo ulikuwapo ua wa michongoma uliokatwa sawasawa kila mwezi, na ng'ambo ya ua mteremko uliokuwa ukionyesha, siku zisizo na ukungu, ukanda mwembamba wa bahari ya Diani. Mbele ya namba sita, upande wa pili wa bomba, ilikuwa namba tatu. Humo alikaa Mzee Sharif, tarishi wa ofisi, pamoja na mkewe Bi Mwanakombo na binti yao Mwanamisi.

Mwanamisi alikuwa mkubwa kwa Kahaso kwa miezi miwili, na hakuacha kumkumbusha. Kahaso akisahau kumwamkia asubuhi, Mwanamisi alisimama bombani na kumuuliza mbele ya foleni nzima ya ndoo, "Wewe mdogo wangu, shikamoo yangu iko wapi?" Siku moja Kahaso alimjibu kwamba shikamoo hupewa watu wenye meno yote. Mwanamisi wakati huo alikuwa ameng'oka mawili ya mbele, na foleni ilicheka hata maji yakafurika ndoo.

Mambo ya safu ile yalikuwa madogo, lakini marehemu aliyakumbuka moja moja hadi mwisho. Alikumbuka ukungu wa mwezi wa Julai, ulioingia hadi vyumbani na kuzifanya sare za shule zikatae kukauka, hata watoto wakaenda shule na kola zenye joto la pasi ya makaa. Alikumbuka redio ya baba yake iliyowekwa dirishani jioni ili nyumba zote nane zisikie taarifa ya habari, na watoto wakakatazwa kucheza rede mpaka msomaji atakapomaliza. Alikumbuka asubuhi ambayo safu iliamka na kukuta tembo wameshuka kutoka msitu wa Shimba na kuimaliza migomba yote ya namba nane. Watu wazima walisimama wakihesabu hasara. Kahaso na Mwanamisi waliingia katika alama moja ya mguu wa tembo, miguu yao minne kwa pamoja, wakaona nafasi bado ipo.

Kahaso alikuwa na mahali pawili pa kulala. Mama Kache akikosa kumwona baada ya chakula cha jioni, hakwenda kumtafuta. Aliuliza tu kwa sauti kutoka mlangoni kama mtoto yuko huko, na Bi Mwanakombo akajibu kwamba amekwisha lala. Bi Mwanakombo alimsuka nywele, alimchapa alipostahili, na alimwita mwanangu. Kwa Kahaso namba tatu ilikuwa nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Alisoma shule ya msingi hapo Kwale kuanzia 1965 hadi 1971. Januari 1972 alijiunga na shule ya upili ya wasichana mjini Mombasa, alikokaa bwenini kwa miaka minne. Kila likizo ilimrudisha katika safu. Yeye na Mwanamisi walinunua doti moja ya kanga wakaigawa, kila mmoja upande wake, na walipotoka pamoja ilibidi watembee bega kwa bega ili kanga ionekane nzima.

Kulikuwa na desturi moja katika safu ile iliyozishika nyumba zote nane, za Waislamu na za Wakristo. Hakuna aliyechinja kuku wala mbuzi kabla ya kumwita Mzee Sharif. Yeye ndiye aliyeshika kisu, ili sinia likitoka nyumba yoyote liweze kuingia nyumba yoyote. Hakuna aliyeuliza sinia limetoka wapi, kwa kuwa ilijulikana. Tangu alipofika umri wa miaka kumi, Kahaso ndiye aliyempelekea Mzee Sharif kuku wa nyumba namba sita na kumshikia mabawa.

Krismasi ya mwaka wa 1972 mama yake alikuwa Kaloleni akimuuguza bibi, na baba yake, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikuwa ibadani tangu asubuhi. Kahaso, akiwa na miaka kumi na minne, aliachiwa jiko kwa mara ya kwanza. Mzee Sharif aliitwa alfajiri kwenda mazikoni Msambweni, akaacha salamu kwamba atarudi kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Kahaso alikwenda bombani kuosha mchele. Aliporudi alimkuta kaka yake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo cha ualimu na mwenye haraka na wageni wake, amewachinja kuku wote sita nyuma ya jiko na anawanyonyoa. Alipomuuliza, kaka yake alimwambia kwamba kuku ni kuku na kwamba hakuna atakayeuliza. Kahaso aliwasha moto. Akapika.

Saa nane masinia yalitoka. Kaka alipeleka mawili, na Kahaso akachukua la namba tatu. Bi Mwanakombo, aliyedhani mumewe aliwachinja kuku alfajiri kabla ya kuondoka, alikuwa ametandika mkeka, na Mwanamisi alikuwa amekwisha nawa. Kahaso alisimama kizingitini na sinia mkononi, asiingie.

"Mbona umesimama kama mgeni?" Bi Mwanakombo alimwambia. "Tua sinia, mwanangu."

"Mama, msile. Kuku hawa hakuwachinja Baba Sharif."

"Wamechinjwa na nani?"

"Na mimi."

Aliliweka sinia chini, nje ya mlango, akakimbia nyumba nyingine mbili kusema maneno hayo hayo. Katika moja alimkuta mzee Chome, fundi wa barabara, tayari ameanza kula. Mzee alitoka nje akasukutua kinywa, kisha akarudi akakaa na wanawe, asimtazame. Kaka yake alikuwa mlangoni mwa namba sita na aliyasikia yote. Hakufungua kinywa. Baba aliporudi kutoka kanisani alimshika Kahaso mkono na kumzungusha mlango kwa mlango kuomba radhi, na kaka hakufungua kinywa hata hapo. Siku iliyofuata alipanda gari akarudi chuoni.

Wiki tatu zilizofuata ndizo marehemu alizoziita ndefu kuliko zote maishani mwake. Salamu zake zilijibiwa kwa heshima, lakini hakuna aliyemwita ndani. Mwanamisi alibadilisha saa yake ya kuteka maji. Kahaso alilala namba sita kila siku, na Mama Kache, aliyekuwa amerudi, hakuwa na haja ya kuuliza yuko wapi. Kahaso hakujua kama ataingia tena katika namba tatu, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Katikati ya Januari 1973 ikaingia Idi ya kuchinja. Baada ya swala Mzee Sharif alivuka bomba mwenyewe, akiwa katika kanzu yake ya sikukuu, akapiga hodi namba sita. Alimwambia Mzee Garama kwamba ana mbuzi na hana mtu wa kumshikia, kwa kuwa Mwanamisi anaogopa damu, na kwamba amekuja kumchukua Kahaso. Baba alishangaa, akamkumbusha aliyoyatenda mtoto huyo.

"Nayajua," alisema Mzee Sharif. "Alichinja, akakosa. Kisha akasema, na chakula kiko mbele ya watu. Mimi mwenyewe, Garama, sijui kama ningesema."

Siku hiyo Kahaso alilala namba tatu. Mwanamisi alimgeuzia mgongo kwa muda kidogo kwa ajili ya heshima ya ukubwa wake, kisha wakazungumza.

Alipomaliza kidato cha nne, marehemu alisomea upishi, na mwaka wa 1978 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani. Kufikia 1981 alikuwa msimamizi wa jiko la wafanyakazi, ambamo watu wa pwani na wa bara, wa misikiti na wa makanisa, walikula chungu kimoja. Ijumaa moja nyama ililetwa na muuzaji asiyemjua. Aliwapikia wafanyakazi wote maharagwe. Walinung'unika, na mhudumu mmoja kijana, Lennox Chengo, alimuuliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Kwani Bi Kahaso, hata ng'ombe siku hizi aonyeshe kitambulisho?" Akamjibu kwamba akionyesha atampika, na kwamba Lennox naye angefaa aonyeshe chake. Lennox alirudi jikoni kesho yake akiwa na kitambulisho mkononi. Walifunga ndoa kanisani Ukunda tarehe 16 Aprili 1983. Upande wa bibi arusi ulisimamiwa na Mwanamisi, aliyekataa katakata kusimama nyuma ya mtu yeyote.

Utalii ulipoanguka mwaka wa 1997 na hoteli kufungwa, marehemu alirudi hapa Mwabungo, nyumbani kwa mumewe, na kuanza kupikia harusi na matanga. Wengi wenu mliopo hapa mmekula chakula cha mkono wake, na hamkuwahi kuuliza nyama imetoka wapi.

Aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka wa 2009. Aliishi nacho kwa nidhamu, ingawa hakuacha kuonja alichopika. Mwaka wa 2023 figo zake zilidhoofika, akawa akisafishwa damu mara mbili kila wiki. Mwanamisi alikuja kutoka Kwale kila Jumatatu kumsindikiza, akimgombeza njia nzima kwa jinsi anavyotembea polepole. Mwezi wa Septemba mwaka huu kaka yake alimuuliza, mbele ya kitanda, kwa nini hakusema kamwe ni nani aliyeshika kisu.

"Wewe ulikuwa unakwenda kufundisha watoto wa watu," alimwambia. "Nani angekupa watoto wake?"

Kaka alimwomba ruhusa ya kuyasema mwenyewe. "Sema nikishalala," alijibu. "Nikiwa macho Mwanamisi atanigombeza mpaka nife."

Alilala Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, katika hospitali huko Msambweni. Binti yake Purity alikuwa kando yake, na Mwanamisi alikuwa ameushika mguu wake.

Alhamisi kaka yake alikwenda Kwale kwa Mwanamisi akamweleza. Mwanamisi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha alisema kwamba alimnunia Kahaso wiki tatu, akateka maji peke yake wiki tatu, kwa kosa ambalo Kahaso hakulitenda.

"Nazitaka wiki zangu, kaka Onesmus," alisema. "Utazitoa wapi?"

 Kaka aliomba radhi, kwake na kwa wazazi wake waliotangulia.  Mwisho Mwanamisi alimwambia kwamba Kahaso aliyasema mbele ya watu, wakimtazama, na kwamba yeye naye akayasome mbele ya watu, na Mwanamisi atakuwa amekaa mbele ili ayasikie.

Amekaa mbele. Kwa hiyo na isikike hapa, na ibaki katika karatasi hii kwa watakaoisoma baadaye: kuku sita wa tarehe 25 Desemba 1972, katika Nyumba za Makarani, Kwale, walichinjwa na Onesmus Jefwa Garama. Maryanne Kahaso hakugusa kisu. Alisema kweli iliyowalinda majirani zake, akasema uongo mmoja uliomlinda kaka yake, na uongo huo ulikaribia kumgharimu nyumba aliyoipenda. Mzee Chome, Bi Mwanakombo na Mzee Sharif walikwenda bila kuyajua haya. Wana wao na wajukuu wao walio hapa wanaombwa radhi, na wanaombwa wamtaje Kahaso kuanzia leo kama alivyokuwa.

Marehemu ameacha mumewe, Lennox Chengo, watoto wake, Harrison, Purity na Kache, wajukuu saba, dada yake, Mwanamisi Sharif, na baada ya dada, kaka yake, Onesmus.

Mwenyezi Mungu ampokee Kahaso na kumpa pumziko lenye amani.