Sista Rula na Vikopo Viwili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka muuguzi mmoja aliyefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wagonjwa walimwita Sista Rula. Hata wajukuu zake walimwita Bibi Rula. Familia yake imeniomba nimtaje kwa jina hilo, na imeniomba jambo jingine zito zaidi. Binti yake aliniambia hivi: "Usimpambe. Mama alisema akifa, mtu asije akampaka rangi. Lisemwe na lile baya."

Basi leo tutalisema na lile.

Jina la Rula lilitokana na kazi. Alikuwa anafunga vidonda vya wagonjwa wa kisukari, na mfukoni mwa gauni lake jeupe hakukosa rula fupi ya plastiki. Alipima kidonda urefu, akakipima upana, akaandika. Wiki inayofuata alipima tena. Mgonjwa akisema, "Sista, naona kimepungua," yeye hujibu, "Macho yana huruma, baba. Rula haina." Wakacheka wote wawili, na yeye akaendelea kuosha.

Alikuwa na mkono mwepesi. Kila niliyezungumza naye amelirudia hilo. Bandeji iliyogandia ngozi, wengine waliivuta. Yeye aliimwagia maji ya uvuguvugu akasubiri, huku akikuuliza habari za watoto, na ukija kushtuka bandeji iko kwenye ndoo.

Alikuwa na kaka mmoja tu, dereva wa lori. Baba yao alipofariki, kaka huyu aliacha shule akiwa darasa la saba ili mdogo wake asome. Kaka mwenyewe, mzee wa miaka themanini sasa, aliniambia, "Mmoja wetu ilibidi ashike usukani, mwingine ashike kalamu. Mimi miguu yangu ilikuwa inafika kwenye breki, basi nikashika usukani."

Shikeni hapo, wasikilizaji. Kaka aliacha shule, mdogo akasoma. Deni la aina hiyo halina risiti.

Sasa ikatokea kwamba hospitali ile ilichaguliwa kufanya majaribio ya dawa. Ni dawa ya kupaka, ya vidonda vya miguu vya watu wenye kisukari. Utaratibu ulikuwa hivi. Nusu ya wagonjwa wanapewa kopo lenye dawa. Nusu nyingine wanapewa kopo la mafuta matupu, yasiyo na dawa. Wote wanaoshwa na kufungwa vidonda sawasawa, wiki ishirini na nne. Vikopo vinafanana, vina namba tu, na namba zimepangwa kwa kura. Mgonjwa hajui kapata lipi, na muuguzi naye hajui. Kwa nini? Kwa sababu anayejua hupendelea, hata asipotaka. Wagonjwa wote walisomewa hayo, wakakubali, wakaweka sahihi.

Sista Rula ndiye aliyekuwa mpimaji. Nani mwingine?

Lakini alipofika mgonjwa wa kumi hivi, pua yake ikagundua jambo. Vikopo vingine vilikuwa na harufu kali kidogo, kama ganda la chungwa lililoungua. Vingine havikuwa na harufu yoyote, akajua vile vya harufu ndivyo vyenye dawa. Alipaswa kwenda siku ileile kwa daktari mkuu wa utafiti na kusema, "Daktari, hii kura yetu inanuka." Hakwenda. Miaka mingi baadaye alimwambia binti yake kwamba kosa lake lilianzia hapo, kwenye kunyamaza, kabla hajagusa chochote.

Maana mgonjwa wa kumi na saba alikuwa kaka yake.

Kidonda kilikuwa chini ya dole gumba la mguu wa kulia, mguu wa breki. Asubuhi ile alikaa kwenye benchi la nje pamoja na mgonjwa wa kumi na nane, fundi cherehani mmoja mcheshi. Fundi alikuwa na kidonda kisiginoni, mguu wa kulia vilevile. Ndani ya chumba Sista Rula aliwasikia wakitaniana.

"Wewe ukipona unaenda wapi kwanza?" fundi akauliza.

"Barabarani. Wewe?"

"Mimi siendi popote. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikipona nasafiri nikiwa nimekaa."

Wakacheka. Ndani ya chumba, Sista Rula alifungua kopo namba kumi na saba, la kaka yake. Akanusa. Hakuna kitu. Akafungua namba kumi na nane, la fundi. Harufu ya chungwa lililoungua ikampanda puani.

Akaviweka vyote viwili mezani, kama alivyosimulia mwenyewe. Kisha akabandua lebo zote mbili kwa ukucha, akazibadilisha. Haikuchukua hata dakika mbili. Akafungua mlango, akaita, "Kumi na saba, pita."

Nasema tena ili tuwe pamoja. Kopo alilopangiwa fundi alipewa kaka. Kopo alilopangiwa kaka alipewa fundi. Na hakuna mtu aliyejua isipokuwa yeye.

Wiki zikapita. Kidonda cha kaka kikaanza kufunga. Cha fundi kikakaa vilevile, halafu kikaoza. Wiki ya kumi na nne fundi aliletwa na mkewe akiwa na homa, mguu umevimba na kubadilika rangi. Madaktari walijaribu, wakashindwa, wakamkata chini ya goti.

Sista Rula alikwenda wodini kumfunga bandeji. Fundi akamuuliza, "Sista, ile dawa yenu imenikataa?"

Naye akajibu, "Mwili wa kila mtu na mambo yake."

Binti yake anasema sentensi hiyo mama yake hakuweza kuisikia tena kwa mtu yeyote. Ukiitamka, alitoka chumbani.

Nyumbani alibadilika. Chakula anakisogeza tu sahanini. Ukimuita, haitiki mpaka mara ya tatu. Kuna siku mumewe alimkuta amekaa kitandani, goti la kulia amelishika kwa mikono miwili, analibana kama linataka kutoka. Akamuuliza, "Unaumwa?" Akasema, "Hapana. Ndiyo tatizo."

Wiki ya ishirini na nne, kaka akaja kupimwa mara ya mwisho. Kidonda kimefunga kabisa. Rula haikuwa na cha kupima. Kaka akavaa viatu vyote viwili, jambo ambalo hakulifanya kwa mwaka mzima, akacheza pale koridoni mpaka wafagiaji wakampigia makofi. "Mdogo wangu," akasema, "umenirudishia mguu!" Yeye akatabasamu, akaomba ruhusa, akaenda chooni akajifungia.

Siku ya pili yake akaja fundi, kwa magongo. Mgonjwa aliyekatwa mguu naye huja siku ya mwisho, maana daftari lazima lifungwe. Akakaa kwenye benchi lilelile. Akasema, "Sista, mguu umekwenda, lakini nashukuru. Hujawahi kuniumiza hata siku moja."

Hapo ndipo alipovuliwa nguo, wasikilizaji. Angetukanwa angevumilia. Alishukuriwa.

Aliacha rula mezani akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu, mama mmoja mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi.

"Daktari, nimebadilisha vikopo."

Daktari akavua miwani. "Vingapi?"

"Viwili. Cha kaka yangu na cha fundi."

"Unajua umefanya nini?"

"Nimemkata mtu mguu."

Daktari akaweka miwani mezani. "Hilo hatulijui," akasema. "Ndilo tulilokuwa tunauliza. Watu mia mbili wametuazima miili yao ili tuulize swali moja, na wewe ukaenda kulijibu peke yako, chumbani, kwa pua."

Aliondolewa kwenye utafiti siku hiyohiyo. Taarifa ikapelekwa kunakohusika. Namba kumi na saba na kumi na nane zikafutwa kwenye hesabu. Akashushwa cheo, akabaki kuwa muuguzi wa kawaida wa kufunga vidonda, na akabaki hapo mpaka alipostaafu. Hakukata rufaa.

Kisha akaenda na daktari nyumbani kwa fundi. Fundi alikuwa sebuleni, cherehani imefunikwa shuka. Mkewe akaleta viti. Sista Rula hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, tangu harufu mpaka lebo.

Mke wa fundi alilia kwa hasira, akamwambia maneno ambayo hata leo hataki kuyarudia redioni. Fundi hakupaza sauti. Alimuuliza swali moja tu. "Siku ile nilipokuuliza wodini, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Fundi akatikisa kichwa. "Mguu huenda ungekatwa tu. Mungu anajua. Ulichoniibia mimi ni zamu yangu. Kura ilinipa zamu, nawe ukampa mtu wako."

Kaka naye alipoambiwa hakushukuru. Alimwambia mdogo wake, "Kumbe nilicheza kwa mguu wa mtu." Na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani kwake.

Mwaka mmoja baadaye majibu ya utafiti yakatoka. Na majibu yenyewe ndiyo haya: dawa haikuonyesha tofauti yoyote. Waliopaka dawa na waliopaka mafuta matupu walipona kwa kiwango kilekile. Yaani ile harufu ya chungwa lililoungua haikuwa na lolote.

Binti yake, wakati huo mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyemsomea karatasi ile. Akafurahi. "Mama, kumbe huna kosa! Ungeacha au ungebadilisha, ni yaleyale."

Mama akaomba karatasi, akaisoma mwenyewe mara tatu. Halafu akasema, "Mwanangu, mwizi akifungua mfuko akakuta mtupu, haachi kuwa mwizi."

Tangu hapo, kila watafiti wapya walipofika hospitalini pale, iwe ni dawa ya presha, ya kifua kikuu au ya kifafa, Sista Rula alikwenda kugonga mlango bila kuitwa. Anasimama mbele ya vijana wenye makoti mapya, anasema, "Mimi ndiye niliyebadilisha vikopo. Mkisikia harufu yoyote, semeni siku hiyohiyo." Wengine walimwonea aibu. Wengine walicheka pembeni. Aliendelea kwa miaka kumi na minane.

Na fundi? Hili lilinishangaza. Kidonda kilipomtoka mguu wa kushoto, alirudi hospitali ileile, na akakataa kufungwa na mtu mwingine. "Namtaka yule yule," akawaambia. Wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, Sista Rula alipiga magoti mbele ya mguu huo mmoja uliobaki, akaosha, akapima. Mguu huo fundi anao mpaka leo.

Nilimfuata kwake wiki iliyopita. Anashona kwa cherehani ya umeme sasa. Nikamuuliza kama alimsamehe. Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Mbona nilimsamehe zamani," akasema. "Ila sikumwambia. Kila nikienda kufungwa najiambia, leo nitasema. Nikimwona amepiga magoti pale, kuna kitu ndani yangu kinasema, mwache kidogo. Mwache bado kidogo. Utamu huo ni mbaya, mwanangu. Nikasikia amelazwa, nikasema Ijumaa nitakwenda. Akafa Jumatano."

Akavuta uzi mwingine. Kisha akauliza, "Hii redio yenu inafika mpaka wapi?"

Nikamwambia ukweli. Huko aliko sasa haifiki.

"Najua," akasema. "Wewe sema tu."

Basi nasema. Sista Rula, fundi anasema amekusamehe. Alikusamehe zamani.

Kwa kaka yake, kwa binti yake na wajukuu, poleni sana. Mlitutaka tusimpambe, nasi tumejitahidi. Kwa mzee fundi na mkewe, poleni nanyi, maana mmefiwa pia.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hatujaagana, tukae kimya dakika moja. Huenda kuna neno umemficha mtu, la kuungama au la kusamehe, na unajiambia Ijumaa. Leo ni Jumanne. Simu unayo mkononi.