Anayepigiwa Simu Kwanza: Mama Émerance Kapya Anastaafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya jiofizikia hapa Lubumbashi, Mama Émerance Kapya anastaafu. Shefu wetu wa ofisi ameniomba mimi, Liévin, niandike wasifu huu kwa kuwa meza zetu zimepakana tangu nilipoajiriwa. Nimekubali. Nasema mapema kwamba nina wivu naye, na ofisi nzima inajua.

Kwa wageni wa sherehe: sisi tunapigilia vyuma, tunapitisha umeme ardhini na kupima unavyozuiwa na udongo na mawe. Kisha kompyuta inaikata ardhi vipande vidogo vidogo, ndio huo tunaouita wavu, na kutafuta picha ya kilichoko chini. Wavu ukiwa mbovu, picha ni uongo mtupu, na mtu atachimba shimo bure. Siku kama hiyo wote walimpigia simu Mama Émerance. Wote! Hata mteja niliyempokea mimi, nikamnunulia soda mimi, aliuliza kama Mama yupo.

Alianza mwaka 1994, binti wa mtaa wa Kamalondo mwenye diploma mpya, akitembea msituni na timu za vipimo. Mwaka 2009 akawa mkuu wa hesabu za wavu. Nafasi hiyo niliitaka, nilivaa kravati mwezi mzima. Akapewa yeye, akaja na liputa mpya kiunoni na keki mkononi. Nilikula vipande viwili kwa hasira.

Kisa cha kazi yetu ya Mitwaba lazima nikiseme. Wavu ulikataa kabisa: vipande vya juu vilitoka vyembamba kama sindano, hesabu hazikutulia, na picha ilionyesha mwamba mgumu mahali watu wanapolima mihogo. Nilidhani vipande ni vikubwa mno. Nikavipunguza, nikavipunguza tena, mpaka kompyuta ikazimika. Mama akasogeza kiti, akaigeuza picha upande upande, akaona baadhi ya vyuma vyetu vya umeme vinaning'inia hewani. Hakubadili kitu. Alimpigia Bwalya, kiongozi wa timu, akamuuliza walisimama wapi na jipiesi, kile kifaa cha kupimia mahali na kimo. Bwalya akaeleza bila wasiwasi: miti ilifunika anga, kwa hiyo walipanda juu ya kichuguu wapate setilaiti, kisha wakashuka kupigilia chuma chini. Na vichuguu vyetu vya Katanga mnavijua, vingine vinapita nyumba. Kumbe wavu wangu ulikuwa unajinyoosha kufuata vyuma vilivyo hewani! Vikashushwa hadi ardhini ndani ya kompyuta, na mchana huohuo picha ikatoka safi. Akapita kila chumba akijisifu: "Mashini haina mambo, mambo iko ku bantu," yaani kosa ni la watu, si la mashine. Nilinuna wiki nzima.

Ni yeye aliyeagiza kila wavu ujaribiwe kwanza kwa ardhi ya kubuni, yenye udongo wa aina moja, ambayo jibu lake linajulikana. Jibu likienda kombo, mgonjwa ni wavu, si vipimo. Wazo hilo limetuokoa mara nyingi, na ningetoa chochote liwe langu. Gaëlle na Gradi, ambao siku hizi wananisahihisha mimi, ni wanafunzi wake.

Kuanzia Julai kiti chake ni changu. Nimekingoja sana. Wiki iliyopita, yeye akiwa likizoni, wavu wa kazi ya Mokambo uligoma, nikautengeneza peke yangu. Nikageuka nimwonyeshe, nimtambie kidogo. Hakuwapo. Wenzangu walinipigia makofi, shefu akanishika mkono, lakini mimi nilitaka anione yeye.

Mama Émerance, aksanti kwa kazi yote. Mungu akupe uzee mtamu, shamba lenye mahindi na wajukuu wenye kelele. Watu wa ofisi wakikupigia simu, usipokee, waache wanitafute mimi. Ila nikikupigia mimi, Mama, tafadhali pokea.